Mama Alikataa Kuvua Koti

Hraunbrún,
Hafnarfjörður,
Iceland.

Tarehe 28 Desemba

Mpendwa Dada Bergljót,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye ni mzima kabisa kuanzia utosini hadi kiunoni. Kutoka kiunoni kushuka chini ni habari za goti, nazo unazijua, sitaki kukuchosha. Je, ninyi huko Gimli, ng'ambo ya bahari, hamjambo? Kikohozi cha shemeji Lorne kimepungua? Mwambie mtu wa umri wake akiendelea kukaa juu ya ziwa lililoganda, anachungulia tundu kungoja samaki, basi asishangae kifua kikilalamika. Signý na Davíð nao, wamefika kula sikukuu nanyi au theluji iliwafungia njia?

Huku kwetu hali ya hewa imeshindwa kuamua. Asubuhi theluji, mchana mvua, jioni barafu. Ni kama yule abiria anayesimama kwenye mlango wa basi akiwaza kama anapanda au hapandi, na wote ndani wanapigwa na baridi wakimngoja yeye.

Uliniambia kwenye simu nisikuandikie kwamba mambo yalikwenda vizuri. Ulisema, “Niandikie barua ya kweli, Torfi, maana kwenye simu unajibu kama mtu aliyebanwa vidole mlangoni.” Haya. Nimekaa jikoni, kahawa iko mkononi, na Mama amelala. Nitakueleza kwa mpangilio, ingawa wewe unalotaka ni neno moja tu: amekula? Vuta subira. Na mimi nilisubiri.

Tangu nilipomleta Mama katika nyumba ya wazee mwanzoni mwa Novemba, kila ulipopiga simu uliuliza hilo hilo, nami nikakujibu kwamba anakula kama ndege. Sikukudanganya sana. Baadaye nilisikia redioni kwamba ndege hula mchana kutwa, tena chakula kinachokaribia uzito wake. Basi sema Mama alikuwa anakula kama picha ya ndege. Anakaa mbele ya trei, anasogeza kijiko, anawashukuru, anasukuma. Lile gauni lake la kijivu, ambalo pale nyumbani lilikuwa likimbana mabegani, sasa lilikuwa linaning'inia kama limetundikwa.

Alda, muuguzi wa korido yake, ni msichana mpole mwenye wasiwasi mwingi. Kila nilipokwenda kumtazama Mama, Alda alinidaka mlangoni. Kwanza, hali chakula. Pili, hazungumzi na wenzake. Tatu, na hili halikumhusu Mama ila Alda alikuwa hapati usingizi kwa sababu yake, korido ile ilikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Fundi wa umeme alishaitwa, akafungua soketi zote za upande ule, hakuona kitu. Akaitwa tena. Nikamwambia Alda nyumba za zamani zina tabia zake. Akasema nyumba hiyo ni mpya.

Nilipomwambia Mama kwamba mkesha wa Krismasi mwaka huu atakula kwangu, alinitazama kama nimemtaka tukacheze dansi.

“Krismasi yangu niliiuza pamoja na nyumba,” akasema. “Mwulize Eysteinn, aliinunua yote. Vyumba, banda la kukaushia nyama kwa moshi, na Krismasi.”

“Mama, Eysteinn alinunua nyumba amwekee mjukuu wake. Krismasi anayo ya kwake.”

“Basi atakuwa nazo mbili. Hongera yake.”

Ilinichukua wiki nzima ya kumbembeleza. Mwishowe akakubali saa moja tu, na akasema hataki zawadi, hataki nyimbo, na hataki kuulizwa kama ameshiba.

Sasa na mimi nitazame, dada. Tangu Halla alipoivunja ndoa na kuondoka na nusu ya vijiko, sijawahi kumkaribisha mtu mezani kwangu siku ya sikukuu. Kila Desemba nilikuwa nawasha gari na kuvuka milima kwenda Magharibi kwa Mama, nakuta meza imejaa, nakula, nalala, narudi. Nilidhani hivyo ndivyo Krismasi ilivyo, kwamba inakuwepo tu mahali fulani, na kazi ya mtu ni kufika. Sikujua kwamba kuna mtu anayeitengeneza. Mwaka huu nilisimama katikati ya duka la nyama, nimeshika kipande cha nguruwe wa moshi, nikamwuliza muuzaji huyu anapikwaje. Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akanieleza vizuri.

Tarehe ishirini na tatu, siku ya Mtakatifu Thorlákur, Mama akanipigia simu mwenyewe. Mara ya kwanza tangu ahamie huku.

“Torfi, wametupa samaki mweupe.”

“Samaki gani, Mama?”

“Mweupe. Hana harufu. Siku ya Thorlákur, samaki asiyenuka! Ni kama mazishi yasiyo na maiti.” Akakata simu.

Basi moyo ukanipiga. Nikaona mlango umefunguka. Nyumba ya wazee hairuhusu kupika samaki taa, yule bapa anayevundikwa wiki kadhaa mpaka anakuwa mkali wa kumtoa mtu machozi, na sisi watu wa Magharibi bila yeye siku hiyo haijafika. Nikajiambia: kama chumba changu kitanuka kama jiko la Mama, pua itamvuta pale ambapo maneno yangu yameshindwa. Nikaenda bandarini, nikamnunua taa, nikamchemsha, nikala peke yangu huku machozi yananitiririka, nikafurahi sana.

Sikumaliza sahani. Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Kári, mwenyekiti wa jengo letu, anayekaa juu yangu. Mjane, mtu wa Reykjavík tangu babu zake, anavaa tai hata anapokwenda kutupa taka. Leso ilikuwa puani.

“Ndugu Torfi,” akasema, “kuna kitu kimekufa humu?”

“Kimekufa tangu Oktoba, Bwana Mwenyekiti. Karibu tukile.”

“Kuna kanuni ya jengo.”

“Kanuni inakataza harufu kwenye ngazi. Mimi nimepika jikoni.”

“Harufu haijasoma kanuni, jirani. Imeshafika kwangu, imekaa kwenye kochi.” Akashusha leso kidogo, akairudisha upesi. “Marehemu mke wangu alikuwa mtu wa huko huko kwenu. Miaka yote ya ndoa yetu alikwenda kumpika taa kwenye gereji ya dada yake. Gereji, Torfi! Na alikuwa mwanamke mwenye heshima zake.”

“Na wewe ulikuwa unamfuata?”

“Akirudi, nilikuwa nalala sebuleni mpaka mwaka mpya,” akasema, akapanda ngazi.

Nilicheka. Sikucheka muda mrefu. Asubuhi ya mkesha niliamka, nikaikuta harufu imeamka kabla yangu. Iko kwenye mapazia, kwenye mto, kwenye suti yangu ambayo ndiyo pekee. Nikafungua madirisha, ikaingia theluji, harufu haikutoka. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokuwa kinafanyika nyumbani. Mkumbuke Mama: taa akishaliwa tu, jioni ile ile sufuria kubwa inapanda jikoni na paja la kondoo wa moshi ndani yake, na mvuke wake unamfukuza taa nyumba nzima, chumba kwa chumba, kama mwalimu anayefukuza watoto waliochelewa. Tulidhani ni mapishi tu. Kumbe ilikuwa usafi. Na mimi nilikuwa nimenunua nguruwe.

Unaona jinsi nilivyokuwa. Nilikwenda kazini roho ikiwa juu juu. Mabasi yetu mkesha hupumzika mchana, nikalirudisha langu kituoni nikiwa nimewapita abiria wawili waliopunga mkono. Mungu anisamehe, mmoja alikuwa na keki.

Meza niliitandika vizuri, usicheke. Viti viwili vya jikoni na kimoja cha roshani, ikitokea. Viazi vya kukaangwa kwa sukari, kabichi jekundu, njegere za kopo, kinywaji cha malti kilichochanganywa na soda ya machungwa, na ile mikate myembamba ya kukatwa nakshi za maua. Niliinunua dukani. Nilijua nitasemwa.

Nilipokwenda kumchukua, Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mlangoni. Amevaa koti lake la kanisani, lile la bluu, vifungo vyote mpaka kidevuni, na mkoba mkubwa wa kufumia umekaa mapajani, ameukumbatia kwa mikono yote miwili kama mtu asiyeamini wenzake. Nikataka kumpokea. Akaukaza.

Garini hakuniuliza habari.

“Saa moja unanirudisha.”

“Saa moja, Mama.”

“Si saa moja na robo.”

“Mama, mimi ni dereva wa basi.”

“Ndiyo maana nasema.”

Tulipofika mlangoni kwangu akasimama. Akavuta pumzi. Dada, kifua chake kilipanda! Mwezi na zaidi nilikuwa namwona akipumua kidogo kidogo kama anayeazima hewa. Nikashika pumzi ya kwangu.

“Nani kapika taa?”

“Mimi.”

“Wa dukani.”

“Wa dukani, Mama.”

“Alivundikwa haraka haraka,” akasema. “Hana subira.” Akaingia, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha, mkoba mapajani. Nikasema, “Nikupokee koti?” Akasema ana baridi. Kwangu, ambako maji ya moto ya ardhini yanapita kwenye kila ukuta na mimi huvaa fulana mwezi wa Januari. Nikasema sawa.

Redio ilikuwa imewashwa. Ilipogonga saa kumi na mbili, kengele za kanisa kuu zikaanza, na kama ujuavyo hapo ndipo Krismasi huingia, uwe tayari au usiwe tayari. Kengele ya kwanza tu Mama akainuka nusu. Mikono ikatoka kwenye mkoba ikatafuta kitu hewani, mwiko, kitambaa, sijui. Nami nikamgusa bega, nikasema sentensi niliyokuwa nimeiandaa tangu asubuhi, tena nikijivunia: “Kaa, Mama. Leo wewe ni mgeni. Usiguse kitu.”

Akakaa. Akanibusu, akasema, “Krismasi njema, mwanangu.” Na mikono ikarudi kwenye mkoba.

Nikapakua. Akakata kiazi vipande viwili. Akakata vile viwili vikawa vinne. Akavipanga.

Mimi, kama ujuavyo, sikusoma, ila nimeendesha basi umri wangu mwingi, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba watu hawapendi kutazamwa lakini hawajali kutazamwa kwenye kioo. Dirisha la jikoni lilikuwa jeusi, na Mama alikuwa amekaa ndani yake akiwa kamili, na uma wake. Nikawa nazungumza na sahani yangu huku namtazama dirishani. Uma ulipanda mpaka kwenye kifungo cha tatu cha koti, ukashuka. Ukapanda tena. Ukashuka.

“Nyama nzuri,” akasema.

“Hujaionja.”

“Naiona.”

“Chukua mkate.”

Akaushika mmoja juu ya mwanga, akachungulia kwenye yale maua. “Umekatwa na mashine.” Akaurudisha.

Nikaanza kusema ovyo. Nilimweleza njia mpya ya basi langu. Nilimweleza habari ya mbwa anayepanda peke yake. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na kila nilipoitazama niliona Mama naye anaitazama. Dada, nimeendesha basi lililojaa watoto kwenye barafu tupu, upepo ukitoka baharini unanisukuma ubavuni, na sikuogopa kama nilivyouogopa uma ule. Maana nilijua kama akirudi kule bila kula hata hapa, mezani kwangu, siku ile, basi hakuna mahali pengine pa kumpeleka. Nilikuwa nimefika kituo cha mwisho.

“Torfi.”

“Naam, Mama.”

“Jana, baada ya taa, ulichemsha nini?”

“Sikuchemsha kitu.”

Akaweka uma chini. “Hukuchemsha kondoo?”

“Sikununua kondoo.”

“Kwa hiyo umemla taa, ukajifunika naye, ukalala naye, na leo umeniletea nguruwe.”

“Ndiyo, Mama.”

Alinitazama vile alivyonitazama siku ile niliporudi kutoka shule na kiatu kimoja. Unakumbuka. Kisha akaanza kufungua vifungo. Kuanzia chini kwenda juu, kimoja kimoja, bila haraka. Akavua koti akanipa. Nililishika kama nimekabidhiwa mtoto mchanga, sikujua niliweke wapi.

Akaufungua mkoba. Akatoa uzi wa sufu. Akatoa sweta lenye mkono mmoja. Akatoa taulo la nyumba ya wazee, akalifunua juu ya meza, kati ya viazi na njegere. Ndani kulikuwa na paja la kondoo, zima, jeusi kwa moshi, na harufu ya banda letu ikasimama katikati ya jiko langu: samadi ya kondoo inayofuka polepole, ukuta wa mbao, mvua ya Oktoba. Alilining'iniza mwenyewe kabla ya kukabidhi funguo. Ndilo la mwisho. Siku nilipombebea sanduku lake mpaka garini nilidhani ameweka zaburi zote na kinanda chake.

“Mama! Hilo lilikuwa wapi?”

“Kabatini.”

“Kabati la nyumba ya wazee?”

“Kwani nina kabati jingine?”

“Wameita fundi wa umeme mara mbili!”

“Kijana mzuri,” akasema Mama. “Anafanya kazi kwa makini. Nilimpa kahawa.”

Nilitaka kucheka, nikaishia kuuliza. “Mama, na wewe uko na njaa yako yote hiyo... Kwa nini hukusema? Alda angekukatia hata kipande.”

“Amkatie nani?” akasema. “Paja zima halikatwi kwa mtu mmoja, Torfi. Ukilikata linaanza kukauka. Lazima kwanza kuwe na watu.”

Nilikwenda kuangalia kitu kwenye friji. Hapakuwa na kitu cha kuangalia, ila nilikiangalia kwa muda.

“Sufuria,” akasema nyuma yangu.

Nikampa niliyonayo.

“Hii si ya taa? Nani alikulea wewe?”

“Wewe, Mama.”

“Basi nenda ukaazime, kabla sijakana.”

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mama yetu hakungoja hata saa nzima, alilichukua mwenyewe na mimi akanituma. Nikapanda ngazi mkesha wa Krismasi, saa ambayo nchi nzima iko mezani na hata mbwa habweki, kwenda kugonga kwa mtu ambaye jana nilimtia harufu kwenye kochi.

Kári alifungua akiwa na tai. Nyuma yake niliona meza, sahani moja, na redio ikisali.

“Safari hii nini?” akasema. “Kimefufuka?”

“Naomba sufuria kubwa, jirani. Mama amekuja na paja la kondoo. Anataka kumfukuza yule taa.”

Aliingia ndani akakaa sana, nikasikia makabati. Alitoka ameikumbatia sufuria ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, ya marehemu mkewe, na vumbi lake limebaki alama kwenye tai. Nikanyoosha mikono. Akarudi nyuma hatua.

“Naileta mwenyewe. Kifuniko chake kina namna yake.”

Akashuka na ndara zake. Mama alikuwa ameshafunga kitambaa kiunoni.

“Wewe ndiye uliyelalamika?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Ulikuwa na haki. Ila siku ya malalamiko ilikuwa jana. Ingia au toka, unatoa joto la watu.”

Akaingia. Akakalia kiti cha roshani. Mama akalilaza paja kwenye sufuria ya kijani, likaenea kama limepimwa, akawasha. Kisha akageukia mchuzi wangu, akauinamia. “Huu una mabonge ya kujengea ukuta.” Akauchuja, akautia maziwa, akaukoroga. Na wakati anakoroga, dada, mkono wa kushoto ukaenda kwenye kikaango cha viazi vya sukari. Kimoja kikapanda. Kikapita kifungo cha tatu, ambacho hakikuwepo tena, kikafika. Akatafuna. Akachovya kijiko kwenye mchuzi, akaonja, akaongeza chumvi. Kiazi cha pili. Akamega kipembe cha nguruwe kile kilichoungua, anachokipenda, akala kwa vidole. Cha tatu. Yote haya nilikuwa nayaona dirishani, mgongo wangu ukiwa kwake, sithubutu kugeuka.

Kári, mtu wa adabu, akafungua kinywa: “Mama, karibu na wewe uk...”

Nilimkanyaga ndara.

Maana niambie wewe uliyenitangulia kuzaliwa: umewahi kumwona Mama ameketi akala chakula cha mkesha? Mimi nilijaribu kukumbuka nikipita mwaka mmoja mmoja, nikaona kiti chake, na kitambaa chake kilichokunjwa, na yeye hayupo. Tulidhani atakula baadaye. Kumbe alikuwa ameshakula, wima, kabla yetu, akiwa na mwiko. Na mimi nimemkalisha kwenye kiti, nikamwambia asiguse kitu, kisha nikashangaa koo limefunga.

Kengele hazikuwepo tena redioni, palikuwa na kwaya. Saa ya ukutani ikagonga. Mimi ni dereva, nikasema kwa sauti ndogo, “Mama, saa moja.”

“Halijachemka.”

“Likichemka?”

“Likichemka linapoa kwenye maji yake mpaka asubuhi. Paja haliliwi moto, kwani wewe umezaliwa wapi?”

“Kwa hiyo linaliwa kesho.”

“Kesho. Na sosi nyeupe na njegere. Njegere unazo?”

“Lipo kopo jingine.”

“Basi.” Akaweka kifuniko, akakizungusha vile Kári alivyomwelekeza, akapangusa mikono. Akatazama mlango wa chumba changu. “Kitanda chako kina shuka safi?”

“Safi, Mama, ila linanuka taa. Linanuka vibaya sana.”

“Vizuri,” akasema.

Akalala huko, na mimi kwenye kochi. Kesho yake Kári alishuka kabla hajaitwa, na tai nyingine. Mama alilikata paja kwa kisu changu cha mkate, akikilaani. Kipande cha kwanza alikiweka kwenye sahani tupu, akakisogeza pembeni, akasema hicho ni cha Bergljót, afadhali ungekuwa karibu. Kisha alikila mwenyewe ili kisikauke. Kwa hiyo umekula, dada, hata kama hukuhisi.

Nilitaka kuandika hapa kwamba nashukuru, na kweli nashukuru, ila shukrani yangu haitaki kutulia kitini. Nashukuru halafu naamka kuangalia. Leo ni siku ya tano na Mama bado yuko kwangu. Hatujazungumza habari ya kurudi. Koti lake nililitundika kwenye msumari wa mlangoni na kila nikipita nalitazama kama lipo, na silisogezi hata kwa kidole, nisije nikamkumbusha. Amepanga upya makabati yote, na jana asubuhi nilikunywa kahawa kwa bakuli kwa sababu vikombe sikuviona. Sufuria ya kijani iko jikoni, mwenyewe hajaiulizia, ila anashuka kila siku kuhakikisha kifuniko hakijasahau namna yake.

Alda alipiga simu jana. Kwanza kuuliza kama Mama anakula. Nikamwambia anakula kama ndege, ndege mwenyewe, si picha. Pili, kwa furaha kabisa, kunijulisha kwamba ile harufu ya kuungua imeisha yenyewe, na fundi anajipongeza. Nikamwambia ampe hongera zangu.

Kinachonikosesha raha ni paja. Kila siku linapungua. Kisu kimeshaanza kugonga mfupa, nami nalitazama kama ninavyotazama mshale wa mafuta nikiwa mbali na kituo. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba likiisha, koti litashuka kwenye msumari. Jana nilijaribu kujikatia vipande vyembamba. Mama akaniona, akauliza kama naumwa.

Leo asubuhi, wakati natafuta kikombe, nikamsikia kwenye simu yangu akizungumza kwa sauti ile ya zamani, ya kumwita mtu upande wa pili wa fjodi, ng'ambo ya maji. Alikuwa akiongea na Eysteinn.

“Banda bado linavuja? Haya, lizibe. Nataka mapaja mawili. Ndiyo, mawili, umesikia vizuri. La, si ya nyumba ya wazee, kule hawana sufuria. Yalete kwa Torfi. Tuko watatu sasa, na yule wa juu anakula.” Akasikiliza. “Wiki ngapi? Basi usiharakishe moshi, Eysteinn. Mimi sina safari.”

Nikapata kikombe. Kilikuwa mbele yangu muda wote.

Nisalimie shemeji Lorne na mwambie atoke barafuni. Wabusu Signý na Davíð, na shangazi Gerður ukimwona kanisani mwambie goti langu linamkumbuka, yeye ndiye aliyetabiri. Mama anakusalimu sana. Anasema ukija usinunue mikate ya maua dukani, atawangoja mje muikate kwa mikono.

Mungu akupe mwaka wenye moto jikoni, nyumba yenye watu wa kutosha kukata paja zima, na usingizi mzuri kuliko wangu.

Ni mimi nduguyo akupendaye kwa goti zima na lile bovu,

Torfi